Uzi: Land Rover 109 iliyoliwa na kutu, naifufua nyumbani Tanga. Tunaanza na chesisi, rangi baadaye

Mkongeni (mtoa uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Niliahidi humu kwamba siku nikianza kazi ya hii Land Rover nitaifungulia uzi wake, basi leo naufungua. Utakwenda polepole, maana kazi naifanya mwenyewe nyuma ya nyumba, jioni nikitoka kibaruani na siku za mapumziko.

Gari ni Land Rover Series III, pikapu ya 109, injini ya petroli ya silinda nne, cc 2286. Maisha yake ya kwanza ilikuwa kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Baadaye ikaja mjini kwa mzee mmoja aliyekuwa akibebea samaki na barafu kutoka soko la Deep Sea. Alipoishiwa nguvu za kuendesha, ikaegeshwa chini ya mwembe hadi nyasi zikatokeza kwenye sakafu. Mnaoelewa magari mshajua tatizo liko wapi: maji ya barafu yenye chumvi, miaka na miaka, yakichuruzika kutoka kwenye bodi ya nyuma kwenda kwenye chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima.

Kwa wasiozijua, 109 ni urefu wa inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Series III zilitoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985. Bodi yake karibu yote ni alumini, lakini chesisi ni chuma, ukuta wa mbele wa kebini ni chuma, na fremu za ndani za milango ni chuma. Kwa hiyo unaweza kuona gari bodi imenyooka, boneti inang'aa, ukalipa hela yako, kumbe chini hakuna gari. Nimeshaona watu wawili wakipaka rangi nzuri, wakafunga tairi mpya, halafu chesisi ikakatika nyuma ya kebini wakiwa na mzigo. Ndiyo maana nasema kwenye kichwa cha uzi: chesisi kwanza.

Ukaguzi ni wa nyundo na bisibisi. Lala chini ya gari, gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, usiruke hata kipande. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali na nyundo inaruka. Chuma kilichooza kinatoa sauti iliyokufa na nyundo inabaki palepale. Ukisikia hiyo, chukua bisibisi uisukume. Kwangu imezama mpaka mpini kwenye sehemu hizi: krosimemba (boriti ya kukingama) ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono miwili inayoshika ukuta wa mbele chini ya bawaba za milango, mkono ulio jirani na tangi la mafuta, na sehemu ya juu ya chesisi pale springi za nyuma zinapoanzia.

Huo mgongo wa juu watu wengi wanausahau kwa sababu hauuoni ukiwa umelala chini. Tope linakaa pale likilowana kila mvua. Pitisha mkono, kwaruza kwa kucha, utaona vipande vinatoka tabaka kwa tabaka.

Picha ninazipakia usiku mtandao ukitulia.

---

Meru4x4

Mkuu hongera, naweka kambi hapa. Sisi wa Arusha hizi gari tunazipenda kupita maelezo, uliona zilivyojaa mjini ule Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover.

Jambo moja kabla hujawasha grenda. Namba ya chesisi ya Series III imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, pale kwenye kishikizo cha springi ya mbele. Isafishe kwa brashi ya waya ya mkono, usiisage kwa grenda, uilinganishe na kadi ya gari na kile kibati kilichopo ndani ya kebini. Ukikata kile kipande na kukitupa, umetupa utambulisho wa gari. Siku ya ukaguzi wa polisi au kubadilisha umiliki TRA utaeleza mpaka uchoke.

---

Mkongeni

Ahsante sana, hilo ni la kwanza kabisa na nililifanya kabla hata ya kulipa. Namba inasomeka, kadi ipo, na familia ya mzee imesaini mauziano. Asiye na karatasi asianze kutoa hata bolti moja, kwa sababu ukishamaliza utakuwa na gari zuri lisiloweza kutoka getini.

---

Kimbinyiko

Naomba niwe mkweli kaka. Hiyo peleka skrepa. Hela utakayotumia hapo ungeongeza kidogo ukapata Hilux ya mtumba, ina usukani laini, ina kiyoyozi, na spea kila kona. Mapenzi ya vyuma yanafilisi.

---

Mkongeni

Ndugu yangu, Hilux ni gari zuri, siligombi. Ila hesabu yako inachukulia nampelekea fundi kila kitu. Hili gari limeundwa kwa namna ambayo mtu mmoja mwenye spana anaweza kulifikia lote. Madigadi ya mbele yametiwa kwa bolti, milango kwa bolti, paa la kebini kwa bolti, bodi ya nyuma kwa bolti. Giaboksi unaitoa kwa juu, kupitia ndani ya kebini: unainua sakafu, unaondoa kasha la viti, unaifunga mnyororo, watu wawili wanainyanyua. Huhitaji shimo wala lifti. Gari la kisasa halikupi nafasi hiyo ukiwa nyuma ya nyumba yako.

Na mimi sitafuti gari la kwenda Dar kila wiki. Nataka la kwenda shamba Muheza kipindi cha masika, lipite tope, na likiharibika nijue nini kimeharibika.

Sasa mrejesho wa wiki hizi. Bodi imetoka yote. Wanaotaka kuiga, tafuta spana za inchi kabla hujaanza. Series III ina nati za inchi: saba kwa kumi na sita, nusu, tisa kwa kumi na sita ndizo utakazozishika zaidi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza kidogo, na kwenye nati yenye kutu kucheza huko kunatosha kula kona zote. Nati iliyogoma nimeipaka mafuta ya kulegeza kutu leo, nikaigonga kichwani kwa nyundo, nikaiacha mpaka kesho. Ikigoma tena, moto. Ikigoma na moto, grenda, na wala usisikitike, bolti mpya ni vitu vidogo.

Kitu kilichonishangaza ni pale alumini na chuma vinapogusana. Kwenye ukingo wa bodi ya nyuma nimekuta unga mweupe, ukiugusa unadondoka kama chumvi ya mezani, na alumini chini yake imetoboka vitundu. Hiyo si kutu ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, zinafanya kazi ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo nikirudisha bodi kila mahali zinapokutana nitaweka utepe wa mpira niliokata kwenye tyubu ya zamani, na bolti zote ziwe zimepakwa zinki.

---

Pwani_Kusini (Unguja)

Assalaam alaykum. Sisi huku kisiwani kutu tunalala nayo. Kwa vipande vidogo vya chuma, bawaba, vishikizo, mabano ya betri, usijitese na msasa. Tumia umeme na magadi soda.

Chukua ndoo ya plastiki, jaza maji, tia soda ya kufulia au magadi, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne hivi. Ning'iniza kipande chenye kutu katikati kisiguse pembeni. Pembeni weka kipande cha chuma chakavu. Chaja ya betri ya volti 12, ile ya kizamani isiyojizima yenyewe: waya mweusi kwenye kipande chako, waya mwekundu kwenye chakavu. Ukigeuza waya utakula kipande chako. Utaona mapovu yanapanda, na asubuhi kutu inatoka kwa brashi ya kawaida, chuma kizima hakiguswi.

Ya kuzingatia: fanyia nje, kwa sababu yale mapovu ni haidrojeni na inawaka. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama chakavu, kinatoa sumu kwenye maji. Usitumbukize alumini, maji ya magadi yanaila. Na springi usizitie humo kabisa, chuma kigumu namna ile kinaweza kuwa chepesi kuvunjika.

---

Meru4x4

Umeme ukikatika njoo kwa molasi. Ndiyo, ile ile ya ng'ombe, huku tunaipata kirahisi kwa sababu ya viwanda vya sukari. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, pipa lenye mfuniko, tumbukiza chuma chako uende zako. Baada ya wiki moja mbili unakitoa, unamwagia maji ya nguvu, kutu yote imelegea, hata ile ya ndani ya bomba ambako brashi haifiki. Harufu ni kali na nzi watakuja, kwa hiyo liweke mbali na jiko. Hii nayo alumini isiingie.

Iwe umeme au molasi, kipande kikitoka kikaushe na ukipake praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo. Chuma kitupu kwenye hewa ya pwani kinarudi rangi ya machungwa kabla ya magharibi.

---

Mkongeni

Nimejaribu njia zote mbili na zote nazikubali. Bawaba nimezitia kwenye umeme, mabano makubwa kwenye molasi.

Sasa kazi yenyewe. Hii sehemu nitaielezea kwa kirefu kwa sababu ndiyo roho ya uzi.

Chesisi ya hizi gari ni boksi. Mabamba manne ya chuma cha kama milimita mbili yameungwa kwenye kona kwa urefu wote. Maana yake kuna uwazi ndani, na uwazi huo unajaa. Nilipofungua tundu za krosimemba ya nyuma nikasukuma maji ya presha, ulitoka udongo mwekundu wa shambani, mchanga wa bahari, nyuzi za mkonge, na viota vya manyigu vilivyogeuka mawe. Udongo ule unashika unyevu ndani mwaka mzima. Chesisi huanza kuoza kutokea ndani kuja nje, na ukiona kitundu kidogo nje, ndani pameshakwenda eneo kubwa kuliko kiganja. Kwa hiyo ukishaosha, iache ikauke vizuri juani, kisha gonga tena upya, kwa sababu udongo ulikuwa unaficha sauti.

Pili, sikutoa mikono yote kwa wakati mmoja. Ile mikono inayoshika ukuta wa mbele ndiyo inayoamua mlango ufunge au usifunge. Ukiikata yote miwili umepoteza kipimo. Nimeiweka chesisi juu ya stendi nne, nimeipima kwa timazi ya maji kushoto na kulia, kisha nikapima kona kwa kona kwa mshazari mbele na nyuma. Vipimo vya mshazari vikilingana, chesisi haijapinda. Nimeviandika ukutani kwa chaki, na kila nikimaliza kipande nilipima tena. Kisha nikakata mkono wa kulia, nikauweka mpya, nikaufunga kwa bolti kwenye ukuta wa mbele kuuthibitisha, ndipo nikahamia wa kushoto.

Tatu, kiraka. Naomba niseme hili kwa sauti kwa sababu nimeona chesisi nyingi mno zimeharibiwa na mafundi wa barabarani: usiweke bamba jipya juu ya kutu. Kutu iliyofungiwa ndani inaendelea kula, na inavyokula inavimba, inalisukuma bamba lako mpaka linapasua weldi. Kata mpaka ufike kwenye chuma chenye kung'aa, hata kama shimo litakutisha. Kiraka kiwe na unene uleule, milimita mbili, mbili na nusu hivi. Bamba nene la milimita tano linaonekana imara lakini halichomeleki vizuri na chuma chembamba cha pembeni. Utaunguza kile chembamba, na gari likitikisika mpasuko unaanzia palepale ngumu inapokutana na laini. Kona za kiraka zizungushe, zisiwe kali. Na kama ni kiraka cha ubavuni, usifanye weldi iliyosimama wima kukata chesisi nzima. Kata kwa mshazari ili uzito ugawanyike.

Nne, uchomeleaji. Natumia mashine ndogo ya inveta ya umeme wa nyumbani na vijiti vya milimita mbili na nusu. Unashika kwa vinundu kwanza, hapa, kisha upande wa pili, kisha juu, kisha chini. Halafu unachoma vipande vifupi ukiruka ruka, unaacha pakapoa. Ukivuta weldi ndefu ya mfululizo, joto linaikunja chesisi na vile vipimo vya chaki ukutani vitakwambia.

Krosimemba ya nyuma nimeitengeneza mpya nzima, haikuwa na pa kushika.

---

Bandarini_MSA

Kazi safi sana ndugu. Hapa Mombasa dawa yetu ya ndani ya chesisi ni oili chafu ya injini. Unaipuliza kwa kompresa kwenye zile tundu, inaenea kote. Gari ya babangu ilipulizwa hivyo kila mwaka na hadi leo chini ni nyeusi tu, hakuna kutu.

---

Mkongeni

Ndugu, ni kweli inasaidia, mafuta ni mafuta, yanazuia maji na hewa visikifikie chuma. Lakini mimi sitaiweka, na nitasema kwa nini. Oili chafu ina asidi na masalia ya metali kutoka kwenye injini. Inadondoka kwenye udongo ambapo watoto wanacheza na mboga zinaota. Ukiipuliza unaivuta mapafuni, na ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara ina hatari ya saratani. Tena inaozesha mipira, na zile bushi za springi zimejaa mpira.

Nimetumia mafuta mazito ya kuzuia kutu, yale yenye nta, ambayo yanaganda yakikauka. Kuna mengine ya mafuta ya sufu ya kondoo, nayo ni mazuri. Unayapuliza ndani kwa bomba refu lenye matundu pembeni, weldi zote zikishakamilika, kwa sababu weldi inaunguza chochote kilicho upande wa pili. Unaendelea mpaka uone yanadondoka kwenye matundu ya chini. Hayo matundu ya chini yaache wazi siku zote. Kuna watu wanayaziba wakidhani wanazuia maji, kumbe wanayafungia ndani.

Aliyeko mbali na mafuta hayo, oili mpya nzito ni bora mara nyingi kuliko oili chafu.

---

Bandarini_MSA

Hapo kwa mipira umenishika, bushi za gari ya mzee huwa tunabadilisha kila mara na hatukuwahi kujua sababu. Nimekusoma.

---

Kirinyaga_Spares

Salamu kutoka Nairobi. Zetu nyingi ziliunganishwa Thika, kwa ile kiwanda iliitwa Leyland Kenya na sasa ni KVM (Kenya Vehicle Manufacturers), kwa hivyo spea za Series bado zinapatikana huku. Pita Kirinyaga Road, uliza wazee, usiulize vijana wa kaunta. Kuna maduka madogo ambayo ukiingia nyuma unapata vitu vya miaka ya sabini bado viko kwa karatasi ya mafuta.

Nataka kuuliza kuhusu ukuta wa mbele. Yangu sehemu ya miguu imeoza yote, pande zote mbili, na nguzo za mlango zimeisha chini. Je, nitengeneze au nitafute ingine?

---

Mkongeni

Boss, inategemea nguzo. Sehemu ya miguu ni bamba tu. Unakata, unakunja bamba jipya, unachomelea, hata kama ni pande zote mbili. Nguzo za milango ndizo zinazobeba bawaba, na zikiwa zimeisha inchi chache za chini bado zinaokoleka, mradi mlango ukiwa umefungwa kwenye gari wakati unazipima. Ila ukikuta na kule juu, kwenye kona chini ya kioo cha mbele pembeni mwa zile kofia za kuingizia hewa, pamekuwa kama chujio, tafuta ukuta mwingine. Pale pamekunjwa mabati matatu pamoja na kutu iko katikati yake, huwezi kuifikia.

Kwangu juu ni pazima. Nimebadilisha sehemu za miguu na chini ya nguzo ya kulia.

---

Chipukizi_Moro

Wakuu mimi ni mgeni wa mambo haya, nina hamu kweli ya kuanza. Nyumbani nina watoto wadogo. Vitu gani vya hatari ambavyo hamvisemi?

---

Mkongeni

Swali zuri mno mdogo wangu, na lilitakiwa lije mapema.

Tangi la mafuta kwanza. Kwenye pikapu ya 109 liko chini ya kiti cha kulia. Kabla ya cheche yoyote, toa tangi, lipeleke mbali kabisa. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Usimruhusu mtu alichomelee hata akikuapia kwamba amelisuuza.

Gari lisisimame juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali. Tofali la saruji linapasuka bila kuonya. Stendi za chuma, au magogo makubwa yaliyopangwa msalaba, na ulisukume gari kwa nguvu kabla hujaingia chini.

Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa kompresa. Bitana za miaka ile zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa tambara, tambara litie kwenye mfuko ulifunge.

Ukichomelea kitu kilichopakwa zinki, saga ile zinki kwanza na usimame upande upepo unakotokea. Moshi wake mweupe unaleta homa usiku huohuo.

Na watoto: weldi inaunguza macho hata ya anayetazama kutoka mbali. Mimi nachomelea wakiwa shule, au naweka turubai upande wa nyumba.

---

Meru4x4

Mkuu, breki na injini vipi? Maana 109 breki zake ni mtihani.

---

Mkongeni

Breki nimeweka mpya kila kitu kinachoshika mafuta: silinda kuu, silinda za magurudumu, hozi, na mabomba. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo gari lililokaa miaka limeoza kutokea ndani ya mabomba; nje unaona bomba zima, ndani ni utandu. Mabomba nimetumia ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, hayashiki kutu na yanakunjika kwa mkono.

Mtihani anaousema Meru ni huu: magurudumu ya mbele ya 109 yana dramu za inchi 11, na kila dramu ina silinda mbili, juu na chini, zimeungwa kwa kibomba. Hewa inajificha pale. Kilichonisaidia ni kukaza zile adjasta zote za kurekebisha breki mpaka magurudumu yakafunga kabisa, ndipo nikatoa hewa, kuanzia gurudumu la mbali zaidi na silinda kuu. Nikimaliza nikalegeza adjasta mpaka gurudumu likazunguka huru. Pedali ikasimama juu.

Injini ilikuwa imegoma. Nikatoa plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi otomatiki kwenye kila silinda, nikaiacha, nikawa napita kuongeza. Gari hizi zina hendeli ya mbele, kwa hiyo nilikuwa najaribu kwa mkono kidogo kidogo, bila nguvu ya stata. Siku ilipolegea nilifungua hedi nikakuta silinda hazijachubuka. Valvu nimezisaga, gasketi mpya, tapeti (nafasi ya valvu) milimita 0.25, silinda zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Inanguruma vizuri na oili inapanda.

---

Kimbinyiko

Nimekuwa nafuatilia kimya kimya. Kaka nimekuelewa, ile chesisi ni kazi ya mtu. Lakini hiyo injini ya petroli itakunywa hela. Si uweke ya Isuzu ya dizeli, au ile 200Tdi ya Land Rover yenyewe? Wengi wanafanya.

---

Mkongeni

Karibu sana ndugu. Kama ningekuwa nabadilisha, ningechukua 200Tdi, cc 2495, kwa sababu inakaa bila kukatakata chesisi sana na ni ya ukoo uleule. Isuzu ni injini imara, ila unatengeneza mabano, unatengeneza adapta ya giaboksi, na ile giaboksi ya Series haikuundwa kubeba nguvu kubwa. Pia ukibadilisha injini, kadi ya gari nayo ibadilishwe isomeke namba na aina mpya, watu wanaliruka hili. Mimi kwa safari za Muheza petroli inanitosha, na injini yenyewe imeamka.

Nimeshalitoa barabarani kwa majaribio. Foo wili inaingia: kitufe cha njano unakibonyeza chini, mbele inashika, fimbo nyekundu ukiivuta nyuma gari likiwa limesimama, unapata gia nzito na mbele inashika yenyewe. Kwenye lami usiache njano imebonyezwa, hizi hazina difu ya katikati, utavunja kitu. Na kama magurudumu ya mbele yana zile kufuli za kuzungusha kwa mkono, hakikisha umezifunga, vinginevyo utabonyeza njano mpaka kesho na gari halitoki topeni.

Bado yale mabakuli ya mviringo nyuma ya magurudumu ya mbele yanavuja. Kromu yake imechimbika kwa kutu, inakata oili sili. Naagiza mapya.

Rangi itakuja mwisho. Alumini inataka praima yake maalumu, ile yenye asidi inayong'ata. Ukipaka ya kawaida itabanduka kwa maganda.

---

Korogwe_Juu

Mkuu Mkongeni, mimi sina Land Rover, nina Land Cruiser pikapu ya zile za 40, ya babu. Imeegeshwa bandani. Haya yote yananihusu au ni ya Land Rover tu?

---

Mkongeni

Yanakuhusu mkuu, ila mpangilio wako ni tofauti. Land Cruiser za 40 zilizotengenezwa 1960 hadi 1984 zina bodi ya chuma, kwa hiyo kwako kutu itajionyesha kwenye bodi kwanza, na mara nyingi chesisi inakuwa na afya nzuri kuliko ya kwetu. Angalia mfereji wa maji unaozunguka paa, fremu ya kioo cha mbele chini ya raba, pembe za nyuma za kebini, na sakafu chini ya mikeka. Raba ya kioo usiiamini kwa macho, inyanyue. Mikeka itoe yote nje, hata kama imegandia. Kisha upite chesisi kwa nyundo vilevile, hasa pale springi za nyuma zinaposhikwa.

Kwenye bodi ya chuma jihadhari na pati, ule mchanganyiko wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Kama ilishawahi kupakwa rangi, pitisha sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa. Inapoacha kushika, chini yake kuna pati, na chini ya pati kuna shimo. Zungushia kwa chaki kila sehemu, piga picha, uzitupie hapa tuone tunaanzia wapi.